Uzi: Nimefunga spika mpya za milango ya IST mwenyewe, mara ya kwanza zikapiga vibaya kuliko za zamani. Njooni mjue kwa nini

Mtoto wa Temeke (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Wadogo marahaba, wakubwa shikamooni.

Nasukuma Toyota IST ya 2004. Spika zake za mlangoni ni zile ilizotoka nazo Japani, koni ya karatasi. Karatasi ya miaka ishirini kwenye mlango unaoingia maji ya mvua, nyie wenyewe mnajua inakuwaje. Ya kushoto ilikuwa imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, na pembeni imechanika. Nikiweka sebene, gitaa la besi linakoroma tu, noti husikii.

Nikaenda Kariakoo nikanunua za inchi 6.5, kwa vipimo vya Kijapani ni sentimita 16. Boksi limeandikwa wati 600. Muuzaji ananiambia, "Hizi mkuu utapasua vioo." Jumamosi nikazifunga nyumbani, nikarudisha kila kitu, nikawasha. Aisee. Sauti nyembamba kama ya simu, besi hakuna kabisa. Ile mbovu iliyochanika ilikuwa na besi kuliko hii mpya! Nilikaa kwenye siti ya dereva kama mtu aliyesoma meseji ya kuachwa.

Spika hazikuwa na tatizo. Mimi ndiye nilikuwa sijui kwamba kwenye gari, boksi la spika ni mlango wenyewe. Spika ya sebuleni inakuja na boksi lake la mbao limezibwa. Ya gari inakuja uchi, mlango ndio boksi, na mlango wa gari ni boksi bovu: bati jembamba, matobo kila mahali, linatetemeka.

Iko hivi. Koni ikisukuma hewa kwa mbele, kwa nyuma inavuta. Kwa hiyo nyuma ya spika inatoka sauti ileile, ila kinyume. Zikikutana zinafutana. Sauti nyembamba haisumbuki sana na hilo, ila besi inamalizwa kabisa. Sauti ya Hz 100 wimbi lake lina urefu wa mita 3.4 hivi, wakati njia ya kutoka nyuma ya spika, kupita kwenye upenyo, hadi mbele ni sentimita chache tu. Mbele inasukuma, nyuma inavuta, hewa inazunguka hapohapo na wewe husikii kitu. Mimi nilikuwa nimeacha upenyo wa kuingiza vidole viwili kuzunguka spika nzima.

Naweka nilivyofanya raundi ya pili, naomba mnivumilie ni ndefu.

Kufungua paneli ya mlango. Kuna skrubu nyuma ya kitasa cha ndani, na nyingine kwenye mkono wa kuvutia mlango zimefichwa na vifuniko vidogo. Ukizitoa, pande zote zilizobaki ni klipu. Usivute kwa bisibisi ya chuma, utachubua rangi na kuvunja klipu. Mimi nilitumia mwiko wa plastiki wa jikoni uliofungwa kitambaa (mama watoto hajui, naomba ibaki humu). Anzia chini, ukisikia "tak, tak" ni klipu zinaachia, halafu inua paneli kwenda juu itoke kwenye mdomo wa kioo. Usiivute kwa pupa, kuna soketi ya swichi za vioo na kebo za kitasa na loki bado zimeshika. Piga picha kabla hujachomoa chochote.

Nyuma yake utakuta nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Nawasihi wakuu, hiyo nailoni msiitupe. Maji yanaingia ndani ya mlango kila mvua ikinyesha, ni kawaida, yanatokea kwenye vitobo vya chini. Nailoni ndiyo inayazuia yasiingie kwenye paneli na kulowesha kapeti. Ukiichana utakuja kulaumu spika siku gari inanuka uvundo.

Spika zangu zilikuwa zimepigwa riveti. Nilitoboa vichwa vya riveti kwa drili ya milimita 5, taratibu, halafu nikasukuma mabaki. Vaeni glavu, kingo za bati mle ndani ni wembe. Na mfyonze chenga zote za chuma, kwa sababu sumaku ya spika mpya itazivuta na zikiingia kwenye koili umekwisha.

Sasa ringi. Raundi ya kwanza nilitumia ile ringi nyepesi ya plastiki inayokuja na spika, ikabaki na upenyo wake. Raundi ya pili nilichukua plaiwudi ya milimita 18, fundi seremala wa mtaani akanikatia ringi mbili kwa msumeno wa umeme. Nikazipaka vanishi mikono mitatu kote, hasa kwenye kingo, maana plaiwudi ikinywa maji inafumuka kama kitumbua. Kati ya ringi na bati nikaweka sponji nyembamba, nikakaza kwa bolti na nati. Spika nayo nikaikaza kwenye ringi. Ukiigonga kwa kidole sasa inalia "du", zamani ilikuwa inalia "kwaa" kama debe.

Kabla ya kukaza moja kwa moja, SHUSHENI KIOO MPAKA MWISHO. Sumaku ikiwa ndefu kioo kitaigonga. Mbinu niliyotumia: chukua donge la unga wa chapati, libandike nyuma ya sumaku, ingiza spika kwenye tundu, shusha kioo chote taratibu, pandisha, kisha chomoa uone. Donge likiwa limebonyezwa au limekwanguliwa, uko karibu mno na unahitaji ringi nene zaidi. Likiwa salama, endelea.

Na mwisho nikakuta kosa la aibu kabisa. Upande wa kulia nilikuwa nimegeuza chanya na hasi. Spika moja ikisukuma, mwenzake inavuta, na mule ndani besi inafutana tena. Kujua ni rahisi: peleka balansi (ile ya redio inayogawa sauti kushoto na kulia) yote upande mmoja. Besi ikiongezeka unapobakiza spika moja kuliko zikipiga mbili, moja imegeuzwa. Kwa spika iliyo mezani, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha sekunde moja tu: koni ikiruka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Gari sasa inaimba. Waya ni zilezile, redio ileile ya Kichina iliyoandikwa wati 50 mara 4. Sijaongeza amplifaya. Maswali karibuni.

Kijiti cha Bamia

Naweka kambi hapa. Mkuu umetisha, lakini uzi bila picha ni tetesi.

Mtoto wa Temeke

Picha naziweka usiku nikirudi, simu ya mchana haina bando.

Bwana Kazi Ipo

Sasa mkuu yote haya ya unga wa chapati ya nini? Peleka gari kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, dakika ishirini fundi keshafunga, unalipa unaondoka. Watanzania tunapenda kujitesa.

Mtoto wa Temeke

Kaka mafundi wazuri wapo, sikatai. Ila mimi kabla ya IST nilikuwa na gari jingine, nikapeleka kwa fundi mmoja, simtaji. Dakika ishirini kweli. Alikata soketi ya kiwandani kwa koleo, akasokota waya kwa mikono akazungushia solotepu, na nailoni akaichana yote akaitupa chini ya siti. Masika ya kwanza kapeti ya abiria ililowa. Solotepu kwenye joto la mlango inayeyuka gundi, inateleza, waya zinabaki wazi. Dakika ishirini zake mimi nililipia miezi mitatu.

Anayekwenda kwa fundi aende, ila asimame pale pale na adai vitu vitatu: nailoni irudi, soketi isikatwe, chanya na hasi zipimwe.

Fundi Redio Mwanza

Mleta uzi umeongea vizuri, nakuongezea machache maana hii kazi naifanya miaka mingi.

Kwanza hizo wati 600 na hiyo 50 mara 4. Wakuu, angalieni nyuma ya redio zenu, nyingi zina fyuzi ya ampea 10, nyingine 15. Gari likiwa linaunguruma umeme ni volti 14 na ushee. Kumi mara kumi na nne ni wati 140, na hizo ndizo zinazoingia kwenye redio nzima, pamoja na taa zake na joto lake. Sasa wati 200 za kutoka zinatokea wapi? Piga hesabu ya volti 14.4 kwa spika ya omu 4, sauti safi isiyokwaruza haivuki wati 26 kwa kila mlango hata kama redio isingepoteza kitu. Kihalisia ni 18 hadi 20. Hiyo ndiyo redio yako, iwe ya laki moja au ya laki tano.

Kwa hiyo ukinunua spika ya kuendeshwa na redio tu, wati za kwenye boksi zipuuze. Soma usikivu wake, ile namba yenye desibeli. Spika ya desibeli 92 na ya desibeli 86, tofauti ni 6, na kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Maana yake hiyo ya 86 inataka wati 80 ili ilie sawa na ya 92 inavyolia kwa wati 20. Ndiyo maana mtu anabadilisha spika kubwa nzito ya bei mbaya halafu analalamika sauti imeshuka. Spika za kiwandani ni nyepesi makusudi, zimetengenezwa kwa ajili ya redio isiyo na nguvu.

Pili, msije mkaunga hasi ya spika kwenye bodi ya gari. Magari ya zamani sana ilikuwa inakubali. Redio za sasa zinasukuma umeme kwenye waya zote mbili za spika, hakuna ulio ardhi. Ukigusisha kwenye bodi unaweza kuua IC (chipu ya sauti) ya ndani. Nazipokea kila wiki.

Tatu, rangi. Toyota nyingi za Japani kwenye soketi ya redio ni hivi: mbele kushoto waridi chanya na zambarau hasi, mbele kulia kijani mpauko chanya na bluu hasi, nyuma kushoto nyeusi chanya na njano hasi, nyuma kulia nyekundu chanya na nyeupe hasi. Lakini hizo ni za kwenye soketi ya redio, na kama gari limeshapita mikono mitatu usiamini rangi, amini betri ya 1.5.

Mnyamwezi wa Axio

Fundi na mleta uzi, mimi nimesoma mahali kwamba lazima nitoe waya wa betri kabla ya kufungua mlango sababu ya airbag (mfuko wa hewa wa ajali). Ni kweli? Maana gari yangu ina ile redio ya Kijapani yenye ramani.

Fundi Redio Mwanza

Ni kweli kwa magari yenye airbag za pembeni, baadhi yana kihisi ndani ya mlango. Toyota wanasema toa hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 ndipo uguse. LAKINI wewe mwenye redio ya Kijapani ya ramani, simama hapohapo. Nyingi zikikatiwa umeme zinajifunga, zikiwashwa zinaomba kadi ya SD ya ramani au namba za kufungulia, na hiyo kadi mara nyingi ilishatolewa gari likiwa bado bandarini. Wateja wa namna hiyo nao nawapokea kila wiki.

Wewe zima gari, toa ufunguo, usiguse waya wala soketi yoyote ya airbag, zile za rangi ya njano, na usiwashe swichi wakati soketi yoyote ya mlangoni iko nje. Kama kuna kihisi ndani ya mlango wako na huna uhakika, hiyo mpe anayejua.

Kijiti cha Bamia

Hiyo redio ya Kijapani yenyewe ya nini, FM inaishia 90. Stesheni nyingi za Dar huzipati.

Mnyamwezi wa Axio

Nimefunga kibadilisha masafa mkuu, nazipata. Ila namba kwenye kioo cha redio ni za uongo, nimezikariri kama meza ya kuzidisha.

Kamaa wa Thika Road

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu nganya (matatu za muziki mkubwa) zimetuharibu masikio, mtu hawezi kukubali spika bila amplifaya. Mimi naona mleta uzi amezunguka sana. Angeenda mtaa wa Luthuli anunue amp ya chaneli nne, aweke, hiyo shida ya besi ingeisha.

Mtoto wa Temeke

Kaka karibu. Hapa nakupinga kwa heshima. Amplifaya ingeongeza sauti ya mbele na ya nyuma ya koni kwa kiasi kilekile, zingeendelea kufutana, ila kwa kelele zaidi. Na mlango wangu ungetetemeka mpaka kioo cha pembeni kione picha mbilimbili. Ziba kwanza, amp baadaye.

Fundi Redio Mwanza

Wote mko sawa, ni suala la mpangilio. Amp nzuri ya wati 50 za kweli kwa kila mlango ni raha, hasa ukiendesha vioo wazi. Ila ukifika huko, waya mkuu uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 30 hivi. Fyuzi iliyoko kwenye amp yenyewe hailindi ule waya mrefu unaopita chini ya kapeti. Waya ukichubuka kwenye bati bila fyuzi, gari linaungua, na siongei kwa kutisha watu.

Kamaa wa Thika Road

Sawa fundi, hiyo nimekubali. Lakini Temeke hujasema kuhusu kubandika zile shiti za kuzuia mtetemo. Mimi nilitumia zile tepu za lami za kuzibia mabati ya paa, ni bei rahisi.

Bi Mkubwa wa Mchambawima

Mwanangu wa Nairobi, usiwafundishe wenzio tepu ya lami. Mume wangu alizibandika gari yetu hapa Unguja. Kaskazi ilipoanza, gari likikaa juani lanuka barabara mpya, na ile lami ikawa yateremka taratibu mpaka ikaziba vitobo vya chini vya mlango. Maji yakakaa. Na kwa chumvi ya hewa yetu, mlango ulioza kwa chini ndani ya muda mfupi. Za mpira wenye karatasi ya alumini ndizo zafaa, na kabla ya kubandika ulifute bati kwa spiriti likauke.

Mtoto wa Temeke

Shikamoo Bi Mkubwa, ahsante. Mimi nilibandika hizo za alumini, ila sikuziba mlango mzima maana bei zake zinauma. Vipande viwili tu nyuma ya spika, kwenye bati la nje, nikazikandamiza kwa chupa ya soda mpaka mistari ya alumini ikalala. Bati halihitaji kufunikwa lote, linahitaji uzito katikati pale linapotetemeka. Yale matobo makubwa ya bati la ndani niliyaacha na nailoni yake, sijafikia uwezo huo.

Na sponji ya mbele jamani nilisahau. Zungushia ringi ya sponji mbele ya spika ili paneli ikirudi iikandamize. Bila hivyo sauti inaingia kati ya paneli na bati inazurura humo. Ilinigharimu sponji ya godoro chakavu tu, na naapa sauti za waimbaji zilisogea mbele.

Mama Nuru

Habari zenu kaka zangu. Mimi siyo mtu wa mambo haya, nina Spacio ya kupeleka watoto shule. Mlango wa abiria unatoa sauti ya kukereza kwenye besi, na hata nikipita kwenye matuta redio ikiwa imezimwa kuna kitu kinasikika. Nimeambiwa spika imekufa zote mbili zibadilishwe. Ni kweli?

Mtoto wa Temeke

Dada, spika haiwezi kulia kwenye tuta redio ikiwa imezimwa. Kuna kitu kimelegea. Usinunue chochote kwanza. Weka wimbo wenye besi, kandamiza paneli kwa kiganja sehemu moja moja: chini, karibu na kitasa, kwenye kona. Ikinyamaza ukikandamiza sehemu fulani, ni klipu, na klipu zinauzwa kwa hela ya chapati. Isiponyamaza, fungua paneli kama nilivyoeleza, mwite kaka au jirani akushikie.

Bwana Kazi Ipo

Nimesoma uzi wote. Ile ya balansi nimeijaribu sasa hivi hapa kwenye foleni ya Ubungo. Nikibakiza upande mmoja besi inaongezeka. Gari nilifungiwa mwaka juzi. Mwaka juzi!

Kijiti cha Bamia

Dakika ishirini mkuu 😂😂

Mama Nuru

Nimerudi. Tumefungua na mdogo wangu Jumapili. Paneli haina shida. Nailoni ilikuwa imebanduka upande mmoja, inapigapiga kwenye bati. Na chini kabisa ndani ya mlango tumekuta kibanio cha nywele, kalamu ya rangi na sarafu ya 200, watoto wanavitumbukiza kwenye mdomo wa kioo. Vitobo viwili vya kutolea maji vilikuwa vimezibwa na udongo. Spika nzima kabisa, koni haijachanika. Sasa nifunge tu?

Mtoto wa Temeke

Hapana dada, usifunge bado. Zibua hivyo vitobo kwa kijiti, mimina kikombe cha maji uone kama yanatoka. Ile gundi nyeusi ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, itanata upya, rudishia nailoni. Na kwa kuwa mlango uko wazi, kuna godoro bovu hapo nyumbani?

Mama Nuru

Lipo la mtoto. Nikate upana gani?